Mtaro wa Lango la Mto

Siku tano kabla ya Machi

Fulvinius amekufa. Homa imemmaliza kwa siku sita, na asubuhi mpiga mbiu amepita mitaani akitangaza mazishi. Alikuwa msimamizi wetu wa soko na barabara, mpole na mvivu, ambaye katika miezi minane ya kazi alitengeneza bomba moja la maji kisha akaliacha lipasuke tena. Nilisikitika kwa muda unaostahili. Halafu nikavaa viatu nikaenda uwanjani, nione kama kuna mtu amekwisha kukimezea mate kiti chake.

Alikuwapo. Ovinius alisimama kwenye ngazi za hekalu, mkono begani mwa muuza samaki, wanacheka. Mtu mwingine akitaka cheo hutoka jasho. Ovinius hutaka cheo kama anavyotaka zabibu iliyo kwenye sahani mbele yake.

"Mevius! Umesikia? Maskini Fulvinius."

"Nimesikia."

"Utagombea uchaguzi mdogo?"

"Wewe je?"

"Wananisukuma, ndugu yangu. Si unawajua watu."

Siwajui. Mimi sijawahi kusukumwa na mtu. Nina miaka arobaini na saba, na kila mahali nilipofika nimefika kwa kupiga kelele.

Nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nagombea. Numisia alikuwa anachambua dengu, hakuinua uso. "Ukikipata kiti, chimba mtaro nje ya Lango la Mto. Kila mvua za mwanzo wa mwaka maji yanatuama kule bondeni."

Kule bondeni ndiko mji unakozika watoto wachanga. Nikacheka. "Kule hawakai wapiga kura, mama Mevia."

"Hawakai," akasema, akaendelea kuchambua.

Siku ya kwanza ya Machi

Tumejiandikisha mbele ya Vetilius, mkuu wa mji. Wagombea wawili, kiti kimoja. Uchaguzi ni siku ya kumi na saba kuanzia leo.

Sasa niandike ukweli, maana daftari hili halipigi kura. Ovinius namwonea wivu tangu tukiwa na meno ya utoto. Tulisoma kwa mwalimu mmoja, chini ya ukumbi mmoja. Mimi nilikariri, yeye alisahau, na mwalimu alimpenda yeye. Mimi nimesoma vitabu vya Wayunani hadi macho yamefifia. Yeye hufungua kitabu ili apate pa kuweka kikombe. Mimi nimeandika hotuba kumi na nne dhidi ya uzembe wa mji huu, na kila moja ilikuwa ya kweli. Yeye hajaandika hata moja, na akipita njiani watu huinuka.

Jambo moja nimelifanya ambalo hawezi kuninyang'anya. Sheria ya mji wetu imechorwa kwenye mabamba ya shaba, na sheria yenyewe inasema mabamba yatundikwe mahali ambapo mtu aliyesimama chini anaweza kuyasoma. Wakubwa walikuwa wameyatundika juu kabisa, karibu na viota vya mbayuwayu. Nilipigana miaka mitatu. Niliwaita majina ambayo wake zao hawajasahau. Mwishowe wakayashusha, na leo hata kibarua anaweka kidole juu ya herufi na kujua haki yake.

Jioni Amandus, mtakasa nguo, alikuja kula kwetu. Huyu ndiye mpambe wangu mkuu, na labda wa pekee. Akauliza, "Mheshimiwa, kura zikilingana je?"

Nikamsomea sheria kwa ghaibu. Katika kata ambayo kura zimelingana, mwenye mke humtangulia asiye na mke. Mwenye watoto humtangulia asiye nao, na mwenye wengi humtangulia mwenye wachache. Na watoto wawili waliokufa baada ya siku ya kupewa majina huhesabiwa kama mmoja aliye hai. Wakilingana hata hapo, ndipo kura ya bahati.

"Ovinius ana mwana mmoja, Rufinus," nikasema. "Mimi nina Mevia. Na wale wawili wanaingia kama mmoja. Basi mimi ni wawili, yeye ni mmoja. Tukilingana, nimeshinda!"

Amandus akatazama sahani yake. Numisia akainuka na bakuli, akaenda jikoni, hakurudi.

Dengu zilikosa chumvi.

Siku tano kabla ya Nonai (siku ya saba) ya Machi

Mvua.

Siku mbili kabla ya Nonai

Kuta za mji zimejaa rangi nyekundu. *Waoka mikate wanamtaka Ovinius. Wapagazi wanamtaka Ovinius. Majirani wa Ovinius wanamtaka Ovinius*, kana kwamba kuna jirani angethubutu kukataa. Mimi nina kuta tatu, zote za Amandus.

Leo asubuhi, mkabala na mlango wangu, wameandika kwa herufi nzuri sana: *Viziwi wote wa mji wanamtaka Mevius.*

Nilinguruma. Binti yangu alitoka kuangalia, ana miaka kumi na mmoja na anasoma vizuri, nimemfundisha mwenyewe. Alisoma mara mbili, kisha akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Unacheka nini?"

"Sicheki, baba."

"Mabega yako yanacheka."

"Baba, lakini... si ni kweli unapiga kelele?" Akakimbilia ndani.

Nikamwambia Amandus apake chokaa. Amepaka. Mvua imeosha chokaa. Maandishi yamebaki.

Nonai ya Machi

Siku ya soko. Mgombea huvaa vazi jeupe kuliko la watu wote, na weupe huo hupatikana kwa unga wa chaki. Amandus alinipaka chaki tangu alfajiri. "Unang'aa kama mbingu ya kiangazi, mheshimiwa. Wakikuangalia watapata makengeza."

Nilipanda kwenye jiwe la mnada, nikaanza kuwaeleza hali ya mifereji ya mji, kwa mpangilio, kuanzia enzi za babu zetu. Watu walisikiliza. Naapa walisikiliza. Nilikuwa nimefika kwa baba zetu mvua iliponyesha.

Chaki ikayeyuka. Ilishuka mapajani, ikaingia viatuni, ikatiririka juu ya jiwe kama maziwa yaliyomwagika. Mama mmoja muuza vitunguu akapiga ukelele: "Jamani, mkamueni kabla hajaganda!"

Soko zima likavunjika mbavu. Na Ovinius? Alikuwa chini ya turubai la muuza mafuta, mkavu, mweupe, mkononi ana andazi. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Alivua joho lake la mvua akaja kunifunika mabegani, mbele ya watu wote, akasema kwa sauti ile yake ya asali, "Njoo chini ya turubai, ndugu yangu. Hotuba ilikuwa nzuri."

Wakampigia makofi. Nililowa mimi, akapigiwa makofi yeye.

Joho lake liko hapa kitini. Ni la sufu nzuri sana. Sitalirudisha mwenyewe, nitamtuma mtumishi.

Siku saba kabla ya katikati ya Machi

Mvua. Mto umepanda ngazi ya pili.

Siku sita kabla

Mvua. Numisia ametoka na mtungi mdogo, amerudi viatu vimejaa matope mekundu. Nimeuliza alikuwa wapi. "Nje." Matope mekundu yako upande wa Lango la Mto tu.

Siku nne kabla ya katikati ya Machi

Nimemfuata mke wangu.

Naandika hivyo bila kupamba, kwa kuwa nimewashtaki watu maisha yangu yote na sina haki ya kujiachia. Alitoka baada ya kifungua kinywa na mtungi wake. Nilitoka nyuma yake nikiwa nimejifunika, kama mwizi wa kuku. Alipita langoni, akashuka njia ya makaburi, akafika kule chini kwenye matope. Na huko, chini ya mwavuli wa ngozi, alikuwa anamngoja mwanamume.

Ovinius.

Hawakushikana. Hawakukaribiana hata. Walisimama, wanazungumza kwa sauti ya chini, na Numisia akasema jambo, Ovinius akatikisa kichwa, na Numisia akatabasamu. Sijaliona tabasamu hilo kwa miaka. Nilidhani limekwisha, kama viatu vinavyokwisha. Kumbe lilikuwa linatumika mahali pengine.

Nilirudi nyumbani nikakaa ukumbini. Nilipanga hotuba ya kumi na tano. Ilikuwa na sehemu nne na ilianza na vita vya kale. Alipoingia, yote ikayeyuka kama chaki.

"Umetoka kwa Ovinius."

"Nimetoka kwa wanangu," akasema. Akaweka mtungi chini. "Kumbe ulinifuata?"

"Nilikuona!"

"Basi kama uliona, ulimwona anafanya nini?"

Sikuwa nimeangalia alichokuwa anafanya. Nilikuwa nimeangalia uso wa mke wangu.

Akaketi. Aliniambia polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba. Miaka ile Ovinius alipokuwa msimamizi wa shamba la mizeituni ng'ambo ya mto, mkewe Sittia alizaa mapacha, mabinti. Waliwapa majina siku ya nane, Ovinia na Ovinilla, na kabla ya mavuno kwisha walikuwa wamekufa wote wawili. Waliwaleta huku wakawazika bila kumwambia mtu. Sittia hataki watajwe. Akiyasikia majina yao hali chakula siku tatu. Kwa hiyo mjini hakuna anayejua. Ovinius ndiye huenda badala yake, na Numisia hupeleka maziwa, na wamekutana hapo miaka saba sasa.

"Na maji yanapanda," akasema. "Leo yalikuwa hatua kumi kutoka kwao. Yeye ameahidi mtaro. Nimekuomba wewe pia. Atakayeshinda, mimi sijali, mradi achimbe."

"Hujali nani atashinda?"

Alinitazama. "Baba Mevia, umesikia hilo tu?"

Desturi yetu haimtaki baba amlilie mtoto ambaye hajaota meno. Niliishika desturi. Lucius aliishi siku thelathini na mbili, Quintus siku kumi na tisa. Sikwenda kuzika, walikwenda wanawake. Badala yake niliandika hotuba ya bei ya nafaka, ilikuwa nzuri sana.

"Haya niliyokuambia yasitoke humu," akasema Numisia.

"Mimi ni mtu wa siri?" nikauliza, kwa mzaha.

"Hapana," akasema. "Ndiyo maana nakuomba."

Siku tatu kabla

Sikulala vizuri. Namwonea wivu Ovinius kwa tabasamu. Sikujua kwamba mtu anaweza kumwonea mwenziwe wivu kwa makaburi.

Siku mbili kabla

Mvua. Amandus anasema kata za juu ni zangu, wanasoma. Kata za chini ni zake, wanakula. Kata ya mwisho, ya Tisa, haijulikani.

Siku ya kumi na saba, uchaguzi

Alfajiri mawingu yalipasuka kidogo tukaona jua. Kamba zilikuwa zimefungwa uwanjani, kila kata na uzio wake, kila uzio na kikapu chake, na pembeni mwa kila kikapu mlinzi wangu mmoja na mlinzi wa Ovinius mmoja, wanatazamana kama paka. Wanaume waliingia mmoja mmoja na vibao vyao vya kura. Wanawake walisimama ukumbini mwa hekalu, juu ya ngazi. Numisia alikuwa kwenye nguzo ya tatu. Hatua mbili kutoka kwake, kichwa kimefunikwa, alisimama Sittia.

Hadi saa ya nne Ovinius alikuwa na kata tatu na mimi tatu. Nilimwona akisalimia watu wa kata zangu kwa majina ya watoto wao. Mimi sijui hata majina ya walinzi wangu. Hadi saa ya sita tulikuwa na nne kwa nne.

Kata ya Tisa wakahesabu. Wakahesabu tena. Mlinzi wangu alimkemea mlinzi wake, Vetilius akaja mwenyewe akahesabu mara ya tatu, midomo inatembea. Hamsini na nane. Hamsini na nane.

Amandus akanishika mkono akanong'ona, "Sheria ile, mheshimiwa! Sheria ile uliyotusomea!"

Vetilius aliwaita wagombea mbele, chini ya mabamba ya shaba. Mabamba yangu. Karani akaweka kidole kwenye kifungu. Kila mtu uwanjani angeweza kukisoma pale aliposimama, na walikuwa wanakisoma, nasikia midomo yao.

"Mevius. Una mke?"

"Ninaye."

"Watoto?"

"Binti mmoja, Mevia. Na nilipoteza wana wawili baada ya siku ya kupewa majina."

"Majina yao."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali ila hilo. Nilifungua kinywa, na sauti hii inayofikia mwisho wa soko ikatoka ndogo. "Lucius. Na Quintus."

Sikutazama nguzo ya tatu.

"Ovinius. Una mke?"

"Ninaye."

"Watoto?"

"Mwana mmoja. Rufinus."

"Na waliokufa baada ya kupewa majina?"

Ovinius aliinua macho kuelekea ukumbini. Akatazama pale kwa muda mfupi tu. Kisha akamgeukia mkuu wa mji.

"Niandikie mmoja, Vetilius."

Hakusema hakuna wengine. Alisema aandikiwe mmoja. Watu hawakuona tofauti. Mimi niliona, kwa kuwa kazi yangu ni maneno, na nilijua kilichomgharimu. Alikuwa amekitoa kiti. Alikitoa kama alivyolitoa lile joho, na jasho halikumtoka.

Amandus alianza kuruka. "Umepata! Umepata, mheshimiwa!" Karani alikwisha kuinua kalamu. Kiti kilikuwa changu. Kilichobaki ni kiapo, na sauti ya mpiga mbiu.

Ndipo nikatazama nguzo ya tatu. Numisia hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Ovinius, kwa macho ambayo ningetoa mkono wangu wa kulia ili yaniangalie mimi hivyo mara moja kabla sijafa.

Na nikajua itakavyokuwa. Mwaka mzima nitakaa katika kiti hicho, na kila siku mke wangu atajua ni nani aliyeniachia. Amenishinda sokoni na kule makaburini, na sasa ananishinda hata katika kushindwa. Nilisema moyoni: hapana, hili hulichukui.

"Muulizeni tena!" nikapaza sauti. Safari hii ilifika mwisho wa uwanja. "Ana mabinti wawili wamezikwa nje ya Lango la Mto! Ovinia na Ovinilla! Walipewa majina! Sheria inasema wahesabiwe, basi wahesabiwe!"

Kisha kutoka ukumbini sauti ndogo, si kilio, kama ya mtu aliyejigonga kidole cha mguu gizani. Sittia alikuwa amekaa chini. Numisia alikuwa amepiga magoti, amemkumbatia kichwa.

"Ovinius," akasema Vetilius. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi mtu huyu.

Wawili kwa wawili. Wakaleta mtungi wa maji, wakatumbukiza tufe mbili za mti, moja na jina langu, moja na lake. Karani akautikisa, akaunamisha. Tufe moja ikatoka ikadondoka mkononi mwake.

"Ovinius!"

Na hapo, enyi miungu, uwanja ulilipuka kwa ajili yangu. Walinibeba. Watu ambao wiki mbili wameniita mgombea wa viziwi walinibeba mabegani wakipiga kelele, "Mwadilifu! Kajinyima kiti kwa ajili ya sheria!" Mama wa vitunguu alilia machozi. Amandus naye alilia, ila yeye kwa uchungu. "Umefanya nini, mheshimiwa?" aliniuliza kutoka chini, akikimbia kando ya wabebaji wangu. "Kilikuwa mkononi mwako! Umefanya nini?"

Ni mtu wa pekee aliyeniuliza swali la maana.

Numisia alirudi jua likikaribia kuzama. Alivua shela lake, akalikunja.

"Miaka minane hujawataja ndani ya nyumba hii," akasema. "Leo mji mzima umesikia majina yao kutoka kinywani mwako, na mimi nimesikia pamoja na muuza samaki."

"Numisia, sheria..."

"Na majina ya wanawe Sittia uliyatoa wapi? Kinywani mwangu."

Ningefurahi kama angepiga kelele. Kelele naziweza.

Siku kumi na tatu kabla ya Aprili

Wamefuta viziwi mkabala na mlango wangu. Wameandika: *Mevius, mtu wa haki.* Mevia aliyasoma, hakucheka.

Siku kumi na moja kabla ya Aprili

Mvua. Sittia hajala.

Siku tisa kabla ya Aprili

Sittia amekula kidogo. Nimesikia kwa Mevia, ambaye amesikia kwa mama yake, ambaye hanisemeshi.

Nimelikuta joho la Ovinius bado kitini. Mtumishi hakulipeleka, nami sikumfuatilia. Nimelikunja.

Siku saba kabla ya Aprili

Mpiga mbiu amepita. Ovinius ameshaapa na kuanza kazi, na amri yake ya kwanza imepitishwa na baraza. Sheria yetu inampa mji siku tano za kazi kwa mwaka kutoka kwa kila mwanamume mzima, na siku hizo zinadaiwa sasa: mtaro mpya, nje ya Lango la Mto. Inaanza Kata ya Tisa, kisha ya Kwanza. Mimi ni wa Kwanza.

Mtu wa hali yangu hutuma mtumwa, hakuna anayeshangaa. Nilikuwa nimefungua kinywa kumwita.

"Nenda mwenyewe," akasema Numisia. Ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu jioni ile.

Siku nne kabla ya Aprili

Nimechimba. Mikono yangu ina malengelenge kumi na moja, naandika kwa shida.

Nilifika na jembe la kuazima na joho lake kwapani. Maji yalikuwa hatua tatu kutoka kwenye safu ya kwanza. Watu wa kata yangu walinisalimu kwa heshima, "Karibu, mtu wa haki," na kila aliposema mmoja nilitamani mtaro ungekuwa na kina tayari.

Ovinius alikuwa ndani ya matope hadi magotini, nguo ya kazi, na kamba ya kupimia mkononi. Hata matope yanampendeza. Nikampa joho. Akalipokea, akalitundika kwenye nguzo.

"Nichimbe wapi?" nikauliza.

"Anzia hapa, fuata kamba. Ukifika pale kwenye jiwe la kijivu, pinda kushoto. Usipite moja kwa moja."

"Kwa nini? Moja kwa moja ni karibu zaidi."

Alifuta uso kwa kiwiko. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona akitafuta neno.

"Mevius," akasema. "Wale pale ni wako."

Vigae vya paa, jozi mbili, kila jozi imeegemezana kama mikono inayoomba. Hakuna maandishi. Mbele yake kikombe cha udongo, ndani yake mvua na maziwa kidogo. Kuna jozi kama hizo mia moja pale bondeni. Ningeweza kuzikanyaga zote nisijue.

Nilisimama hapo. Watu walichimba pembeni yangu, mmoja alikuwa anaimba.

"Yupi ni Lucius?"

"Wa kulia."

"Unajuaje?"

"Mama Mevia alinionyesha mwaka wa kwanza. Upepo wa baridi huangusha vigae. Nikija kwa wangu, huwa nainua na vya kwako."

Miaka saba. Nimekuwa nikimchukia mtu huyu kwa sauti yake, kwa nywele zake, kwa watu wanaoinuka akipita, na miaka saba alikuwa anainama kwenye matope kuwafunika wanangu. Nilitaka kusema jambo. Nimeandika hotuba kumi na nne, na kinywani hapakuwa na kitu.

"Ovinius, siku ile uwanjani. Sikusema kwa ajili ya sheria."

"Najua," akasema. "Sittia anajua pia." Akaokota kamba yake. "Pinda kushoto kwenye jiwe."

Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea wakati ule. Nikashika jembe, nikapinda kushoto kwenye jiwe.

Siku ya nne ya Aprili

Mvua kubwa kuliko zote za mwaka huu. Nimemaliza siku zangu tano, lakini alfajiri niliamka nikajifunika nikashuka bondeni kutazama.

Maji yalikuwa yanapita mtaroni kwa kishindo, yakielekea mtoni. Kwenye vigae palikuwa pakavu. Numisia alikuwa amefika kabla yangu, na alinisogezea nafasi chini ya shela lake. Ovinius alikuwa amefika kabla yetu sote.